Gitaa Moja, Ukumbi Mzima: Mwanamuziki wa Kujitegemea katika Miji ya Mlima Kenya

Mwanamuziki wa kujitegemea katika miji inayouzunguka Mlima Kenya kwa kawaida hana bendi, wala hana kampuni inayomsimamia. Ana gitaa, kipaza sauti, kinanda kidogo chenye midundo ya ngoma iliyopangwa mapema, na mamia ya nyimbo alizozihifadhi kichwani. Kwa mtaji huo anaweza kuimba Nyeri kuanzia saa mbili usiku hadi karibu na alfajiri, kesho yake akawa Karatina, na wiki inayofuata akaitwa Nanyuki, Kerugoya au Nyahururu. Muziki wake huitwa mugithi, yaani treni kwa Kigikuyu, kwa sababu wachezaji hujipanga mstari mmoja, kila mtu akashika mabega au kiuno cha aliye mbele yake, na mstari huo ukauzunguka ukumbi mzima. Treni yenyewe si ngeni kwa watu wa huku. Reli kutoka Nairobi kupitia Thika, Sagana na Karatina ilifika Nanyuki mwanzoni mwa miaka ya 1930.

Kujitegemea kwa msanii huyu kuna pande mbili. Upande mmoja, hana mwajiri wa kumpangia aimbe nini, wapi na kwa malipo gani. Upande wa pili, sehemu kubwa ya anachokiimba ni urithi wa pamoja: nyimbo za waliomtangulia, ambazo wasikilizaji wanazijua neno kwa neno. Namna anavyojifunza, anavyotumbuiza na anavyotarajia kufika mbali, yote hutokana na pande hizo mbili.

Vyanzo vya muziki wake

Chanzo cha kwanza ni mwomboko, ngoma iliyoshamiri katika nchi ya Wagikuyu miaka ya 1930 na 1940. Vijana waliotoka katika vita vya dunia na katika mashamba ya walowezi walikuwa wameziona dansi za Wazungu, wakazichukua na kuzigeuza zao. Mpigaji alishika kodiani, mwingine akagonga pete ya chuma iitwayo karing'aring'a, na wachezaji wakacheza wawili wawili, hatua mbili kisha kuinama. Juu ya mapigo hayo ziliimbwa habari za mahali: nani ameoa, nani amefungwa, chifu gani ameonea watu. Mwimbaji wa mugithi wa leo amerithi tabia hiyo ya kutaja watu kwa majina na kueleza mambo ya kijijini ndani ya wimbo wa kuchezwa.

Chanzo cha pili ni kanisa. Wamisionari wa Consolata waliingia nchini mwaka 1902 na wakaifanya Nyeri kuwa kitovu chao, na mwaka 1908 Waskoti wakafungua misheni ya Tumutumu karibu na Karatina. Nyimbo za dini zilizofundishwa humo ziliwazoesha watu kuimba kwa sauti kadhaa zinazopatana. Baadaye makanisa huru, hasa ya Akorino, yalirudisha ngoma na kupiga makofi katika ibada. Wanamuziki wengi wa eneo hili walianza kuimba katika kwaya za kanisa au katika Tamasha la Muziki la Kenya, ambalo limekuwapo tangu mwaka 1927 na huwapandisha jukwaani wanafunzi kutoka kila pembe ya nchi.

Nyimbo za dini zilibeba mambo mengine pia. Serikali ya kikoloni ilipopiga marufuku wimbo wa Muthirigu mwaka 1930, kwa kuwa uliwakejeli wamisionari na machifu, watu walikwisha kujua kwamba wimbo unaweza kuwa silaha. Wakati wa uasi wa Mau Mau dhidi ya ukoloni, maneno ya kudai ardhi na uhuru yaliwekwa katika tuni za kanisa, na mtu aliyesikia kwa mbali angeweza kudhani ni sala. Mmoja wa waliochapisha maandishi ya harakati hiyo ni Gakaara wa Wanjau, mwandishi na mchapishaji aliyefanya kazi Karatina, ambaye aliwekwa kizuizini miaka ya Hali ya Hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni, na mwaka 1984 akapata Tuzo ya Noma kwa kitabu cha kumbukumbu zake za kizuizini. Ndiyo sababu msikilizaji wa Nyeri hashangai mwimbaji anapoanza na tuni ya kanisa, akaingia katika wimbo wa msituni, kisha akaimalizia tuni hiyohiyo kwa maneno ya mapenzi.

Chanzo cha tatu ni gitaa kavu, lile lisilo na umeme. Mwaka 1959 Jean-Bosco Mwenda wa Katanga alikaa Nairobi kwa miezi kadhaa na kusikika redioni, na namna yake ya kuchezesha vidole ikaigwa na wengi. Magharibi mwa Kenya, George Mukabi naye alikuwa na mtindo wake wa vidole uliopendwa sana. Kiini cha ufundi huo ni mgawanyo wa kazi: kidole gumba kinashika besi kwenye nyuzi nene, na vidole vingine vinapiga sauti ya wimbo kwenye nyuzi nyembamba. Gitaa moja likasikika kama mawili. Bila ufundi huo mtu mmoja asingeweza kuchezesha ukumbi.

Benga ilikuja baadaye kutoka kwa Waluo, ikiwa na gitaa kali na mwendo wa kasi, na wanamuziki wa Kigikuyu kama Daniel Kamau, maarufu kama DK, wakaipa sauti ya nyumbani. Pamoja nayo ulikuja muziki wa kantri wa Marekani. Jim Reeves, Kenny Rogers na Don Williams wamependwa katika Kenya ya kati kwa miongo mingi kupitia redio na santuri. Upendo huo una sababu zake. Nyimbo hizo husimulia habari za shamba, mama, safari, pombe na toba. Maneno yake hutamkwa polepole. Na zinaimbika kwa gitaa moja. Kwa jamii ya wakulima waliolelewa kanisani, hayo ni mambo ya nyumbani. Ni kawaida kumsikia mwimbaji akiimba kantri kwa Kiingereza, kisha akaendelea kwa Kigikuyu bila kubadilisha mapigo.

Kamaru, kielelezo cha kujitegemea

Hakuna jina linalotajwa zaidi na wasanii wa eneo hili kuliko Joseph Kamaru. Alizaliwa Kangema, Murang'a, mwaka 1939. Alihamia Nairobi mwaka 1957 kutafuta kazi, akafanya vibarua vya nyumbani, akajinunulia gitaa. Katikati ya miaka ya 1960 alianza kurekodi, na baadhi ya nyimbo zake za awali aliziimba pamoja na dada yake, Catherine Muthoni. Alikuwa fundi wa methali na mafumbo. Aliweza kumkosoa mkubwa hadharani bila kumtaja.

Kamaru hakuridhika kuwa mwimbaji tu. Alifungua duka lake la muziki la City Sounds jijini Nairobi na kutoa santuri kwa lebo zake mwenyewe. Kwa hiyo aliamua mwenyewe nini kirekodiwe, na faida ilimfikia bila kupitia mikono mingi. Uhuru huo ulimwezesha kusema mambo mazito. Wimbo wake kuhusu walimu wanaowataka wanafunzi wao kimapenzi uliwakasirisha walimu kiasi cha kutishia mgomo. Mbunge J. M. Kariuki alipouawa mwezi Machi 1975, Kamaru alitoa wimbo wa kumlilia, na redio ya taifa haikuupiga. Mwaka 1980 alitoa wimbo kuhusu safari ya Rais Moi ya Japani, aliyokuwa ameandamana naye. Miaka kumi baadaye alikuwa akiimba maombi kwa ajili ya nchi yenye dhiki, na uhusiano wake na watawala ukaharibika. Miaka ya 1990 aligeukia nyimbo za injili. Alifariki tarehe 3 Oktoba 2018.

Kwa msanii anayeanza leo Othaya au Mweiga, Kamaru ni mwalimu kwa njia mbili. Nyimbo zake ni sehemu ya lazima ya onyesho lolote, na maisha yake ni ushahidi kwamba mwanamuziki anaweza kuimiliki kazi yake na kuifanya iwe biashara.

Kwa nini gitaa la mtu mmoja

Hadi miaka ya 1980, mwanamuziki aliyetaka kutambulika alihitaji bendi. Kisha mambo matatu yakabadilika. Kanda zilichukua nafasi ya santuri, na kanda ni rahisi kunakili; wauzaji wa nakala haramu walienea kutoka River Road jijini Nairobi hadi stendi za matatu za kila mji, na mauzo halali yakaporomoka. Uchumi wa miaka ya 1990 ulikuwa mgumu, na mwenye baa hakuweza tena kulipa watu saba au wanane kwa usiku mmoja. Tena vinanda vyenye ngoma za mashine vilianza kupatikana kwa bei nafuu. Mtu mmoja angeweza kufanya kazi ya kundi, akasafiri kwa matatu na gitaa lake mgongoni, na malipo yote yakawa yake.

Hivyo ndivyo mugithi wa gitaa la mtu mmoja ulivyotawala mwishoni mwa miaka ya 1990 na baada ya hapo. Mike Rua, Mike Murimi na Salim Junior walikuwa miongoni mwa waliolijaza pengo lililoachwa na bendi. Salim Junior alijulikana sana kwa kuziimba upya nyimbo za wakongwe, na vijana ambao hawakuwahi kuona santuri wakazijua kupitia kwake. Mwaka 2000 Kameme FM ilianza kutangaza kwa Kigikuyu, na vituo vingine vikaifuata. Msanii ambaye zamani alijulikana katika mji mmoja sasa alisikika Murang'a, Nyeri na Laikipia kwa asubuhi moja.

Usiku wa onyesho

Onyesho la mugithi lina mpangilio wake, ingawa hauandikwi popote. Mapema, watu wakiwa bado wanakula nyama choma, mwimbaji hupiga kantri na nyimbo za taratibu. Kazi yake wakati huo ni kusoma ukumbi: wapo wazee wangapi, vijana wangapi, wametoka harusini au sokoni, wanatoka upande gani wa mlima. Baada ya hapo huingia zilizopendwa za Kamaru, DK, Queen Jane na John De'Mathew. Haimbi wimbo mmoja hadi mwisho. Huchukua ubeti mmoja au beti mbili, kisha huunganisha na wimbo mwingine wenye mapigo yaleyale, hata nyimbo kumi zikapita kama wimbo mmoja mrefu. Huanza mstari, na ukumbi ukaumalizia.

Treni huanza watu wakishakolea. Mstari hupita kati ya meza ukimkusanya kila aliyeketi: karani, mwendesha bodaboda, mwalimu, mfanyabiashara wa viazi. Kwa muda huo tofauti za kazi na umri hulegea, na hii ni sababu mojawapo ya mugithi kupendwa katika miji ambayo wakazi wake wametoka vijiji mbalimbali. Usiku wa manane mwimbaji huweza kuingia katika nyimbo za jando, zenye maneno mazito ambayo kwa desturi hayatamkwi mbele ya wakwe au watoto. Mara nyingi, karibu na mwisho, hurudi kwenye nyimbo za kanisa, na watu walewale huziimba kwa moyo uleule. Kuna wanaokemea mchanganyiko huo, na lawama yao inaeleweka. Hata hivyo umejengwa juu ya historia ndefu ya tuni moja kubeba maneno ya aina nyingi.

Kutuza ni sehemu kubwa ya onyesho. Mwimbaji humtaja mtu kwa jina, ukoo na mji wake, naye aliyetajwa hunyanyuka na kutoa pesa. Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, tuzo hutumwa pia kwa simu, hata na mtu asiyekuwepo ukumbini. Mwimbaji hodari hukumbuka majina ya wateja wa miji mingi, na kumbukumbu hiyo ina thamani sawa na ufundi wa vidole. Kazi yenyewe ni nzito: saa sita au zaidi za kuimba katika moshi na baridi ya Nyeri, bila mwenzake wa kumpokea, huchosha koo na mgongo. Wengi hujifunza kwa shida kupunguza sauti mapema, kuachia ukumbi viitikio na kukataa pombe wanayotuzwa.

Msimu, mji na pesa

Kalenda ya msanii hufuata kalenda ya mkulima. Mwezi Oktoba kwa kawaida ndipo wakulima wa chai hulipwa bonasi na viwanda vinavyosimamiwa na KTDA, shirika la chai la wakulima wadogo, na miji iliyo karibu na viwanda kama Chinga, Iriaini na Gathuthi huchangamka. Malipo ya kahawa huleta msimu wao, na mavuno ya mpunga wa Mwea huleta wateja Ngurubani na Kutus. Desemba watu hurudi nyumbani kutoka Nairobi. Katikati ya hayo kuna sherehe za ruracio, ambamo mwimbaji hutakiwa kujua nyimbo za mahari na adabu za wazee, pamoja na harambee na kampeni za uchaguzi. Kampeni hulipa vizuri, lakini mwimbaji aliyefungamana na mwanasiasa mmoja huweza kuwapoteza wasikilizaji wa upande wa pili.

Sheria na majanga pia huathiri mapato. Sheria ya udhibiti wa vileo ya mwaka 2010 iliweka saa za baa kuwa kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku siku za kazi, na baa nyingi ndogo zikapunguza maonyesho. Kafyu ya janga la korona ilipoanza tarehe 27 Machi 2020, kumbi zilinyamaza kabisa. Wasanii waliimba mbele ya simu zao, wakarusha maonyesho mtandaoni na kupokea tuzo kwa M-Pesa. Waliofanya hivyo walitoka katika janga wakiwa na wasikilizaji nje ya mlima na nje ya nchi.

Haki za wimbo

Kwa kuwa onyesho hujengwa kwa nyimbo za wengine, swali la hakimiliki haliepukiki. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 humlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo. Kwa hesabu hiyo, nyimbo za Kamaru zitalindwa hadi mwaka 2068. Kuimba wimbo wa mwingine ukumbini huruhusiwa pale mwenye ukumbi anapolipa leseni kwa chama kinachokusanya mirabaha. Chama kikongwe cha aina hiyo, MCSK, kilianzishwa mwaka 1983. Kurekodi wimbo huo na kuuza ni jambo jingine: ni lazima mtunzi au warithi wake watoe idhini. Wasanii wengi wachanga huivuka mipaka hii kwa kutojua, na video zao zikaondolewa mtandaoni au wakajikuta wakidaiwa na familia za wakongwe.

Mfumo wa mirabaha umelalamikiwa kwa miaka mingi kwa malipo madogo na yanayochelewa. Hatua moja ya kutia moyo ni marekebisho ya sheria ya mwaka 2022, yaliyoamua kwamba mwenye wimbo unaotumika kama mlio wa simu apate angalau asilimia 52 ya mapato. Manufaa hayo humfikia tu aliyetunga wimbo wake mwenyewe na kuusajili.

Matarajio

Ndiyo maana tarajio la kwanza la msanii makini ni wimbo wake mwenyewe. Anaweza kuimba nyimbo za Kamaru kwa miaka kumi na kulipwa kila wiki, lakini siku asipopanda jukwaani hapati kitu. Wimbo wake humletea kipato akiwa amelala. Studio ndogo sasa zipo hata katika miji ya kaunti, na video ya bei ya kadiri humwezesha kusikika bila kupitia wauzaji wa River Road.

Tarajio la pili ni kuvuka mipaka. Samuel Muchoki, maarufu kama Samidoh, alijulikana akiwa bado askari polisi, na nyimbo zake za Kigikuyu zimempeleka kuimbia Wakenya walioko Marekani na kwingineko. Njia tofauti kabisa ni ya mjukuu wa Kamaru, aliyepewa jina la babu yake na anayejiita KMRU. Yeye hutengeneza muziki wa sauti za mazingira kwa kompyuta, anaishi Berlin, na albamu yake ya Peel ilitoka mwaka 2020. Wakati huohuo amejitwika kazi ya kuzitoa upya rekodi za babu yake. Kwa wanawake, mlango ulifunguliwa na Queen Jane, aliyefariki mwaka 2010 akiwa miongoni mwa sauti kubwa za benga ya Kigikuyu. Bado mwanamke anayeimba usiku hukabiliwa na dharau na hatari ambazo mwanamume hazijui, na wengi huchagua injili au sherehe za mchana.

Tarajio la tatu ni usalama wa maisha. Msanii huru hana pensheni wala bima ya mwajiri, na husafiri usiku. John De'Mathew, mzaliwa wa Gatanga, aliongoza chama cha akiba na mikopo cha wanamuziki ili wapate viwanja na mitaji. Alifariki katika ajali ya gari Thika mwezi Agosti 2019, akitoka kwenye mchango wa kumsaidia mwanamuziki mwenzake. Wazo alilolisimamia bado ndilo jibu bora lililopo: wanaofanya kazi mmoja mmoja huweza kuweka akiba pamoja.

Kipimo cha mafanikio katika muziki huu, basi, ni wimbo kuingia katika hazina inayoimbwa na wengine. Mtunzi wa Nyeri ambaye wimbo wake unaanzishwa na mgeni katika ukumbi wa Embu, na watu wakaumalizia, ameshika nafasi kando ya Kamaru na DK. Ili nafasi hiyo imlishe, yampasa asajili kazi zake, ukumbi ulipe leseni, chama kigawe mirabaha kwa uwazi, na anayerekodi wimbo wa mwenzake aombe ruhusa kwanza.